Homoni baada ya kukoma hedhi na damu kuganda: yaliyompata dada yangu, na hesabu niliyoifanya baadaye

Mwalimu wa Hesabu (Lubumbashi)

Salamu kwenu nyote. Ninafungua uzi huu kwa sababu ya mguu wa dada yangu mkubwa, ambaye sisi wa Lubumbashi humwita yaya, neno ambalo wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam wasilipe maana yao. Yaya ana miaka 52 na ni mshonaji katika mtaa wa Kamalondo, hapa mjini. Hedhi yake ilikoma miaka miwili iliyopita. Mwezi wa Oktoba mwaka jana, joto la mji wetu lilipokuwa kali na mvua haijaanza, alikuwa akiamka mara nne au tano kila usiku shuka likiwa limelowa jasho, nasi tulimcheka tukisema kwamba Oktoba humtoa kila mtu jasho. Mvua zikaanza, usiku ukapoa, lakini jasho lake halikupungua. Mteja wake mmoja akamwandikia jina la kidonge cha homoni kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, naye akakinunua farmasi bila ordonansi, yaani cheti cha daktari, na bila kuulizwa swali hata moja.

Baada ya majuma machache alianza kulala hadi asubuhi. Sitaki kulificha jambo hilo, kwa kuwa wengi wanaosimulia mkasa wa namna hii huliruka: dawa ilimsaidia kweli.

Mwezi wa tatu wa kutumia dawa tukapata msiba Kolwezi. Ni safari ya karibu kilomita 300, na yaya aliketi ndani ya basi tangu alfajiri akiwa amempakata mtoto wa abiria mwenzake, kisha akakaa mkekani kwenye matanga siku tatu. Aliporudi, shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limejaa, gumu, na lenye joto ukiligusa. Mshonaji hakosi utepe shingoni, basi akajipima: kulia sentimita 36, kushoto 40. Aliziandika namba hizo kwenye daftari la vipimo vya wateja, chini ya jina la mwanamke aliyeagiza gauni la harusi. Binti yake akamkanda kwa maji ya moto na chumvi, akiukamua mguu kuanzia kifundo kwenda juu, kama tulivyofundishwa sote. Jirani akasema kwamba huko msibani alikanyaga kitu alichotegewa. Kituo cha afya cha kwanza kikasema ni uchovu wa safari na kikampa dawa ya maumivu. Siku ya tano alishindwa kuzipanda ngazi nne za kanisa letu bila kusimama ili apate pumzi, na ubavu ulikuwa ukimchoma kila alipovuta hewa.

Hospitali ya pili ilimfanyia ekografi ya mishipa, ile picha ya mawimbi ya sauti, na kuliona bonge la damu katika mshipa mkubwa wa mguu, ugonjwa ambao madaktari wetu huuita flebiti, na kipande chake kilikuwa kimekwisha kusafiri hadi kwenye mapafu. Alianzishwa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, siku hiyo hiyo. Yu hai, na anashona.

Sasa nije kwenye hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Nilipoanza kuuliza watu, nilipata majibu ya aina mbili tu: wengine waliniambia kwamba homoni zinaua, wengine kwamba ni dawa kama dawa nyingine. Wote walikuwa wakiutegemea, wengi wao bila kujua, utafiti mmoja wa Marekani uitwao Women's Health Initiative. Katika sehemu yake moja, wanawake 16,608 wa umri wa miaka 50 hadi 79 ambao bado walikuwa na kizazi waligawanywa kwa bahati nasibu. Upande mmoja ulipewa kila siku kidonge chenye estrojeni, homoni ya kike inayopungua hedhi inapokoma, iliyotokana na mkojo wa farasi jike wenye mimba, pamoja na homoni ya pili ya maabara iitwayo medroksiprojesteroni, na upande wa pili ukapewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Mwezi wa Julai 2002, baada ya wastani wa miaka 5.2, sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu madhara yalionekana kuyazidi manufaa. Kuhusu damu kuganda, ilikuwa hivi: kwa kila wanawake 10,000 katika mwaka mmoja, waliopatwa walikuwa 16 upande wa wasio na dawa na 34 upande wa dawa.

Magazeti yaliandika kwamba hatari imeongezeka maradufu, na hawakusema uongo. Hata hivyo, mwanafunzi wangu aliye makini angeniuliza: maradufu ya kiasi gani? Uwanja wa mpira wa klabu ya Mazembe, ulio hapo hapo Kamalondo, huingiza watu zaidi ya 18,000. Jaza wanawake katika zaidi kidogo ya nusu ya viti vyake, wape wote vidonge hivyo mwaka mzima, nawe utapata wagonjwa 18 ambao wasingekuwepo, juu ya wale 16 ambao wangeugua hata bila dawa. Yaya alikuwa mmoja wa wale 18, au pengine mmoja wa wale 16, na hakuna hesabu duniani inayoweza kumtoa katika kundi moja na kumweka katika lingine.

Tena wanawake hao hawakuwa sawa. Wastani wa umri wao walipoingia katika utafiti ulikuwa miaka 63, yaani wengi walikuwa wamekoma hedhi zamani. Ukimchukua mwanamke wa miaka ya hamsini asiyetumia dawa kuwa kipimo, yule wa miaka ya hamsini aliyeitumia alikuwa na hatari mara mbili na kidogo, wa miaka ya sitini zaidi ya mara nne, na wa miaka ya sabini zaidi ya mara saba. Uzito nao ulizidisha hatari kwa namna hiyo hiyo.

Lakini lililonifanya nikae kitako na kuandika ni lingine. Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa walitoa matokeo ya utafiti uitwao ESTHER, ambamo waliwalinganisha wanawake waliopatwa na damu kuganda na wenzao wasiopatwa. Waliomeza estrojeni walikuwa na hatari karibu mara nne ya wasioitumia. Walioipata estrojeni hiyo hiyo kupitia ngozi, kwa jeli au kwa bandiko, hatari yao haikutofautiana na ya wasiotumia kitu. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza, waliopekua kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 80,000 waliowahi kugandwa na damu, walifikia jibu la namna hiyo: vidonge viliongeza hatari, dawa ya kupitia ngozi haikuiongeza. Basi kwa nini yaya wangu, na wanawake wengi ninaowafahamu, hawajawahi kusikia kwamba kuna njia ya pili?

Mama wa Katuba

Mwalimu, pole sana kwa yaya, na umpe salamu zangu. Nimesoma maneno yako huku mikono ikinitetemeka. Mimi nilifanyiwa upasuaji nikiwa na miaka 41, wakaondoa kizazi pamoja na ovari zote mbili kwa sababu ya uvimbe. Sasa nina miaka 45 na ninameza estrojeni kila siku tangu wakati ule. Hakuna aliyeniambia habari za mguu wala mapafu. Kopo liko hapa mbele yangu na ninataka kulitupa chooni usiku huu. Nishaurini.

Muuguzi Mstaafu

Mama, tafadhali liache kopo lilipo hadi umwone daktari wako. Nimefanya kazi katika wodi za wanawake kwa miaka mingi, na hali yako si ile ya yaya wa Mwalimu.

Mwanamke aliyeondolewa ovari kabla ya miaka 45 amenyang'anywa ghafla kitu ambacho mwili wake ungeendelea kukitengeneza kwa miaka kadhaa. Akiachwa bila homoni, mifupa yake hudhoofika mapema na moyo wake huwa katika hatari kubwa kuliko wa wenzake wa rika lake. Ndiyo maana madaktari hushauri wanawake wa namna yako waendelee na homoni walau hadi karibu na miaka 50, umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, isipokuwa pawe na sababu nyingine ya kuwazuia. Tena hatari ya damu kuganda huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza wa kutumia dawa, na wewe mwaka huo ulikwisha kuupita. Swali la kumpelekea daktari ni kama unaweza kuhama kutoka kidonge kwenda jeli au bandiko.

Ngoja nieleze kwa nini njia ya kuingilia ina uzito kiasi hicho, kwa sababu nikiwafafanulia wanawake jambo hili huwa hawalisahau. Kitu chochote unachomeza hufyonzwa tumboni na hupelekwa kwanza kwenye ini kabla ya kuenea mwilini. Ini ndilo linalotengeneza protini zinazoigandisha damu na pia nyingi kati ya zile zinazoizuia isigande ovyo. Estrojeni ya kidonge hulifikia ini ikiwa nyingi kwa mkupuo mmoja, na ini huitikia kwa kuongeza protini za kugandisha na kupunguza walinzi kama antitrombini na protini S. Mizani inainama. Estrojeni ya ngozini huingia kwenye damu pole pole na kuenea mwilini bila kulivamia ini kwa wingi huo, hivyo mizani haiguswi sana.

Wewe Mama huna kizazi, kwa hiyo estrojeni peke yake inakutosha. Mwenye kizazi hapaswi kamwe kupewa estrojeni peke yake, kwa kuwa huukuza utando wa ndani wa kizazi na kuleta saratani, jambo lililojulikana wazi Marekani tangu 1975. Huongezewa homoni ya pili, ya jamii ya projesteroni. Hapo napo aina zinatofautiana: katika utafiti huo wa Ufaransa, projesteroni yenye umbo lile lile la mwilini haikuonekana kuongeza hatari ya damu kuganda, wakati baadhi ya zile za maabara ziliiongeza.

Na kuhusu kukanda, ndugu zangu: mguu mmoja ukivimba ghafla, ukiuma na kuwa na joto, msiukande, msiukamue, msiupake chochote cha kusugua. Bonge la damu likimeguka hapo hupanda hadi moyoni na kutoka hapo hadi mapafuni. Mpelekeni mgonjwa akafanyiwe ekografi siku hiyo hiyo. Akianza kukosa pumzi, kuchomwa kifuani, kukohoa damu au kuzimia, msingoje hata asubuhi. Binti wa yaya hana kosa, alifanya alichofundishwa na bibi yake.

Baba Mapacha

Ninawasoma kwa heshima. Hata hivyo bibi zetu huko kijijini hawakumeza homoni na walifika uzee wao salama. Je, si tunaugeuza umri kuwa ugonjwa?

Mwalimu wa Hesabu (Lubumbashi)

Baba Mapacha, kukoma hedhi si ugonjwa, na mwanamke asiyesumbuliwa hana haja ya dawa yoyote. Lakini bibi yangu alikuwa akilala nje barazani mwezi wa Juni, wakati wa baridi yetu, akijipepea kwa ungo. Tulidhani ni tabia yake. Sasa ninajua lilikuwa nini, na ninasikitika kwamba hakuna aliyemuuliza.

Msaidizi wa Farmasi

Ninafanya kazi katika farmasi ya mtaani hapa hapa Lubumbashi, na ninaandika nikijua kwamba maneno haya yananigusa mimi mwenyewe. Wanawake wa umri wa yaya huja dukani wakiomba "dawa ya joto". Wachache wana ordonansi. Ninachokuwa nacho mara nyingi kwenye rafu ni vidonge vya uzazi wa mpango, na nimewahi kuona, na wakati nikiwa mgeni kazini nimewahi kufanya, jambo la kumpa mwanamke wa miaka 50 vidonge hivyo kwa sababu navyo vina estrojeni na hedhi "inarudi".

Ni kosa, na nitaeleza ubaya wake. Estrojeni iliyomo katika vidonge vingi vya uzazi wa mpango ni etinilestradioli, ambayo huligusa ini kwa nguvu kuliko estrojeni zinazotumika katika tiba ya kukoma hedhi. Kwa msichana wa miaka 22 mwenye afya, hatari inabaki ndogo, kwa sababu alianza na hatari ndogo sana, tena mimba yenyewe na majuma ya baada ya kujifungua hugandisha damu kuliko kidonge. Kwa mwanamke wa miaka 50, mnene, mwenye shinikizo la damu, au anayevuta sigara, mambo ni tofauti kabisa. Siku hizi nikiombwa "dawa ya joto" ninauliza kwanza: je, wewe au mzazi wako au ndugu yako wa damu mmewahi kuvimba mguu mmoja kwa flebiti? Uliwahi kuwa na saratani ya titi? Una damu inayotoka bila maelezo? Unakaribia kufanyiwa upasuaji? Jibu moja la ndiyo linatosha kunifanya nirudishe kopo kwenye rafu.

Jeli huletwa kwa kuagizwa, na bei yake huwakatisha wengi tamaa, siwezi kuwaficha. Anayeipata aipake mkononi, aiache ikauke kabla ya kuvaa, na asimbebe mtoto mdogo kwa ngozi hiyo, kwa kuwa dawa huweza kuhamia kwa mtoto. Bandiko nalo lina taabu yake katika miezi ya joto, kwa sababu jasho hulibandua.

Binti wa Ruashi

Mimi nina miaka 30 na mambo haya bado yako mbali, ila mama yangu anaanza kusumbuliwa. Mdogo wangu ana selimundu, na tulipopimwa nyumbani mama alikutwa kuwa mbebaji, yaani ana jeni moja tu, hajawahi kuugua. Je, hilo linahusiana na damu kuganda?

Muuguzi Mstaafu

Umeuliza swali ambalo fomu za kigeni hulisahau. Orodha za maswali tunazozipokea kutoka Ulaya huhimiza kuulizia kasoro ya kurithi inayofanya damu igande kirahisi, iitwayo Faktori V ya Leiden, iliyogunduliwa katika mji wa Leiden, Uholanzi, mwaka 1994. Karibu watu 5 kati ya 100 wenye asili ya Ulaya wanayo, lakini kwetu ni nadra sana. Kwetu Kongo jambo lililo la kawaida ni hilo la jeni moja ya selimundu. Tafiti zilizofanywa kwa Wamarekani weusi zimeonyesha kwamba wabebaji wana hatari karibu maradufu ya bonge la damu kwenye mapafu, hata kama hawajawahi kuugua selimundu yenyewe. Hilo halimnyimi mama yako tiba, ila amwambie daktari kabla ya kuandikiwa, na ni sababu nyingine ya kuzungumzia njia ya ngozi kabla ya kidonge. Na kama shida yake ni ukavu wa sehemu za siri pekee, ipo krimu ya estrojeni ya kupaka hapo hapo, ambayo haijaonekana kuongeza hatari ya damu kuganda.

Mama wa Katuba

Ninashukuru. Sikulitupa kopo. Nina swali dogo: jirani anasema nile tangawizi na kumeza aspirini moja kila siku, kisha niendelee na vidonge bila hofu.

Msaidizi wa Farmasi

Mama, tangawizi ni nzuri kwenye chai. Aspirini isikupe moyo wa kuendelea na dawa isiyokufaa, maana haifuti hatari ya estrojeni ya kumeza, nayo huweza kuleta vidonda vya tumbo na kutoa damu. Kinachosaidia zaidi safarini ni kunywa maji, kusimama basi linaposimama na kuvichezesha vifundo vya miguu ukiwa umeketi, kwa kuwa kukaa saa nyingi bila kusogea huipunguza kasi damu ya miguuni.

Mwalimu wa Hesabu (Lubumbashi)

Ninarudi baada ya kumsindikiza yaya kwa daktari, akiwa ametimiza miezi mitatu ya vidonge vya kuzuia damu isigande. Daktari ameviendeleza kwa muda na atampima damu tena. Alimuuliza kwa makini juu ya sombe, yaani kisamvu, jambo lililotuchekesha hadi alipotueleza kwamba mboga za majani ya kijani kama sombe na lengalenga (mchicha) zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya vidonge hivyo. Hakumkataza. Alimtaka tu ale kiasi kile kile kila juma, asikae siku kumi na bukari, ugali wetu, na samaki pekee kisha akavamia sufuria la sombe siku ya harusi.

Kuhusu homoni za kumeza, jibu lilikuwa hapana, tena hapana ya maisha yote, kwa sababu aliyewahi kugandwa na damu huweza kugandwa tena. Nilimuuliza kuhusu jeli. Alisema kwamba kwa mtu mwenye historia kama hii uamuzi huo ni wa daktari bingwa, baada ya kupima faida na hatari, na kwamba hautafanywa wakati mguu bado unapona. Alimpa njia nyingine, dawa ya jamii ya zile za kutibu sonona, ambayo kwa kipimo kidogo hupunguza joto la ghafla. Yaya alipoisikia ni ya jamii gani alinitazama kwa hasira kama kwamba ni mimi niliyesema ana wazimu, na ordonansi hiyo ameikunja mara nne na kuitia kwenye kikasha cha vifungo. Nimemwachia, atakapochoka kuamka usiku ataitafuta.

Joto limemrudia, ingawa si kama la Oktoba. Jana jioni nilimkuta akijipima tena: kulia 36, kushoto 37. Ameziandika kwenye ukurasa ule ule wa daftari, chini ya jina la yule mwanamke wa gauni la harusi, ambaye amekwisha kulichukua gauni lake na bado anadaiwa nusu ya fedha.